Chema Hakijiuzi Ohio

Barua ya mwanangu inaanza kwa jina, na kabla jina halijakaa sawasawa zinafuata namba. Mwaka atakaomaliza shule. Urefu futi 5 na inchi 11, uzito paundi 185. Mdakaji wa besiboli, hupiga na kurusha kwa mkono wa kulia. Wastani wa alama za darasani 3.7. Yadi 60 kwa sekunde 7.2. Kisha inakuja namba iliyotajwa nyumbani kwetu kuliko jina la mjomba yeyote: sekunde zinazopita tangu mpira unapogonga glavu yake hadi unapoingia kwenye glavu ya mwenzake aliyesimama beisi ya pili, futi 127 na ushei kutoka pale alipochuchumaa. Chini ya hayo kuna kiungo cha video, ratiba ya mechi za kiangazi, na sentensi ya kumwomba kocha aje amtazame. Barua za namna hii zimekwenda kwa makocha wa vyuo wa Ohio na wa nje ya Ohio, na kila moja, ukiisoma kwa malezi niliyolelewa mimi, ni karatasi ya kujisifu tu.

Mimi ni mtu wa Kibokoni, Mombasa, na marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa madrasa. Kila Ramadhani, baada ya sala ya alasiri, alisomesha kitabu cha Ihyaa cha Imamu Ghazali kwa wazee waliokuwa wakisinzia na kwa sisi watoto tuliokuwa tukiwaza futari. Mlango alioupenda zaidi ni ule wa riya, yaani mtu kuifanya ibada ili watu wamwone. Riya nyumbani kwetu ilichukiwa kama uvundo. Mtoto aliyetaja alama zake za mtihani kabla ya kuulizwa alipigwa jicho moja tu, akanyamaza. Mgeni akiusifu wali wa mama, mama alijibu kuwa leo umemtoka bokoboko. Na juu ya yote hayo tulikuwa na methali yetu: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hapa Ohio chema hakijiuzi. Nimeishi Columbus miaka mingi, kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, na besiboli sikuzaliwa nayo. Nimeijua kwa kukaa kwenye viti vya bati vyenye baridi ya Aprili nikimsubiri mtoto. Lakini hesabu yake hata mgeni anaielewa. Vijana wanaocheza besiboli katika shule za sekondari za Marekani ni zaidi ya laki nne. Vyuo vyenye timu katika Daraja la Kwanza la michezo ya vyuo ni kama 300, na tangu mahakama ilipoidhinisha Juni 2025 mapatano ya kuwalipa wanamichezo wa vyuo, chuo kilichojiunga nayo hakiruhusiwi kusajili wachezaji zaidi ya 34. Wala nafasi hizo vijana wa sekondari hawazigombei peke yao. Siku hizi mchezaji wa miaka 21 au 22 akichoshwa na chuo chake anahamia kingine bila kukaa benchi mwaka mzima, na kocha anayetaka ushindi msimu huu atamchukua huyo aliyekwisha kuota ndevu. Tena kocha wa Daraja la Kwanza haruhusiwi kuwasiliana na kijana kwa ajili ya kumsajili kabla ya tarehe 1 Agosti anapoingia mwaka wa tatu wa sekondari. Basi kijana huandika, huandika tena, halafu hukaa akiisubiri simu. Asiyeandika, kocha hatajua kama yupo duniani.

Na macho ya makocha yana kiingilio. Kuna mashindano na maonyesho ya kiangazi ambako makocha hujipanga nyuma ya wavu wakiwa na vipima mwendo mikononi. Kampuni kubwa katika biashara hiyo, Perfect Game, ilianzia Iowa miaka ya 1990, na leo familia hulipa mamia ya dola kwa wikendi moja, bado hoteli na petroli. Mtoto wa mama anayesukuma viti vya magurudumu huonekana mara chache kuliko mtoto wa daktari wa meno, hata mikono yao ikiwa sawa.

Methali yetu inamdhania mnunuzi kuwa ana macho mazima. Historia ya mchezo huu inasema vingine, na ajabu ni kwamba mashahidi wangu wote ni wadakaji. Moses Fleetwood Walker alikuwa mdakaji wa chuo cha Oberlin, hapahapa Ohio, kisha akaichezea Toledo katika ligi kuu mwaka 1884. Haukupita muda, wenye timu wakawafungia watu weusi mlango bila hata kuandika sheria, nao ukabaki umefungwa hadi Jackie Robinson alipoingia uwanjani Aprili 1947. Josh Gibson, ambaye wengi humtaja kuwa mpigaji hodari kuliko wote wa ligi za weusi, alifariki Januari ya mwaka huohuo, akiwa na miaka 35. Mei 2024, ligi kuu ilipokubali kuzihesabu takwimu za ligi za weusi, wastani wake wa kupiga wa .372 ulimpita Ty Cobb, aliyekuwa akiongoza, ukawa wa kwanza katika vitabu. Mtu huyu aliupiga mpira mbele ya maelfu ya watu, mchana kweupe, miaka na miaka. Hakuna aliyekuwa na haki ya kusema hakumwona.

Kwa hiyo sikuweza kumwambia mwanangu atulie, kwamba kama ni mzuri watamjia wenyewe. Nilijua si kweli. Lakini sikuweza pia kuisukuma kando sauti ya baba. Nikampigia simu kaka yangu Mombasa, aliyerithi vitabu, nikamwomba anifungulie mlango ule wa riya anisomee taratibu.

Nilidhani nitakuta makatazo matupu. Nilikuta mtu anayegawanya mambo kwa makini kuliko nilivyokumbuka. Ghazali anatenga ibada na mambo ya dunia. Kutafuta cheo katika nyoyo za watu kwa kutumia sala, saumu au sadaka, hiyo ndiyo riya, na juu yake hana huruma. Ama kutafuta cheo kwa jambo la dunia, hukumu yake inategemea njia. Ukikitafuta kwa sifa usiyokuwa nayo, ni uongo na ni haramu. Ukikitafuta kwa sifa uliyo nayo kweli, inajuzu, na mfano wake ni Nabii Yusuf, aliyesimama mbele ya mfalme wa Misri akaomba mwenyewe akabidhiwe hazina za nchi, akataja kuwa ni mlinzi mwenye ujuzi. Mtume wa Mungu, ametoka gerezani juzi, anaeleza sifa zake kwa mtu mwenye nafasi ya kazi! Nilicheka kwenye simu. Kaka hakucheka, aliniambia, "Dada, muache mtoto aandike. Lakini namba iwe ya kweli."

Namba ya kweli ikawa vita ya wiki nzima. Saa iliwahi kumpa mwanangu sekunde 1.98 siku moja ya Julai, upepo ukimsukumia mpira. Siku nyingine zote ilikuwa 2.05, ikicheza hapo hapo. Alitaka kuandika 1.9. "Mama, kila mtu anashusha kidogo, hata makocha wanajua." Sijui kama kila mtu anashusha. Najua tu kwamba mdakaji wa 1.9 na wa 2.05 ni watu wawili mbele ya mkimbiaji anayeiba beisi, na kwamba kocha atakuja na saa yake mfukoni. Lakini sikutaka aache uongo kwa kuogopa saa ya kocha. Nikamkumbusha habari ya muuza nafaka wa Madina, ambaye Mtume alitia mkono katika lundo lake akakuta juu kukavu na chini kumelowa. Lile lundo na ile video ya dakika mbili, yenye mirusho mizuri tu, moja baada ya nyingine, kuna tofauti gani? Alifikiri, akasema kila mtu anayetazama video ya namna ile anajua ni mirusho iliyochaguliwa, hakuna anayedanganywa. Jibu lake lilikuwa zuri na nililikubali nusu. Tukapatana: barua itaje 2.05, video ibaki, na chini yake pawekwe kiungo cha pili chenye mechi nzima isiyokatwa, pamoja na ule mpira uliompita katikati ya miguu ukaenda hadi ukutani.

Kuna jambo moja la mdakaji ambalo sikuligusa. Mpira ukifika pembeni kidogo ya eneo halali, mdakaji stadi huusogeza ndani kwa mkono laini hivi kwamba mwamuzi auhesabu kuwa halali. Wanalifundisha kama ufundi, na mwanangu analijua vizuri. Hilo nawaachia mashekhe.

Baada ya kujibiwa kimya kwa miezi, kijana alikuja na hoja nyingine, yenye sura ya dini. Akasema haandiki tena, ana haya, na Uislamu unapenda haya. Hapo nilimkatalia palepale. Fudhail bin Iyadh, aliyekuwa mnyang'anyi wa barabarani kabla ya kutubu na kuwa walii, alifundisha kwamba kuacha jambo jema kwa sababu ya macho ya watu nako ni riya. Anayejificha asije akakataliwa hadharani bado anawatazama watu. Amegeuza mgongo tu. Nikamtajia Dennis Kasumba, mdakaji wa Uganda ambaye video zake za mazoezi, akichuchumaa na kuruka na matairi mtaani kwao, zilienea ulimwenguni. Mwaka 2023 alivaa jezi ya Frederick Keys, Maryland, katika ligi ambayo vijana huchezea ili watazamwe na timu kubwa. Angekaa na haya zake, nani angekwenda kumtafuta mdakaji wa besiboli katika vichochoro vya Uganda? Aliyemshikia simu akamrekodi amepata thawabu, naamini hivyo.

Mpaka hapo mambo yalikuwa mepesi. Uzito ulikuja Ramadhani ya 2024.

Mwaka ule mfungo ulianza Machi 11, na msimu wa sekondari hapa hufunguliwa mwishoni mwa Machi. Mechi huanza saa kumi na moja jioni, na jua la Columbus mwanzoni mwa Aprili halitui hadi karibu saa mbili usiku. Mdakaji huchuchumaa na kusimama zaidi ya mara mia katika mechi moja, amevaa kinga ya kifua, ya magoti na ya uso. Mwanangu alifunga. Sikumlazimisha, na siku za mechi mbili mfululizo nilimwambia atazame hali yake. Alikuwa na tende katika mfuko wa pembeni wa begi lake, na baada ya mechi alikuwa akizila kwenye maegesho ya magari huku bado amevaa kinga za miguu.

Mzazi mmoja wa timu yetu, mtu mwema ambaye amemsafirisha mwanangu bure mara nyingi, alikuja kuniambia jambo kwa nia safi kabisa. Alisema makocha wanasoma barua mia kwa siku na zote zinafanana. Mdakaji anayecheza bila kunywa tone la maji tangu alfajiri, hilo hakuna kocha atakayelisahau. Liwekeni mstari wa kwanza, alisema. Mwanangu alinitazama, nami nikaona kwamba wazo limeshamwingia. Na kusema kweli ni wazo la biashara lisilo na kasoro. Namba ilikuwa ya kweli, sifa ilikuwa ya kweli, hakuna nafaka iliyolowa chini.

Nikasema hapana. Katika ibada zote, saumu ndiyo ambayo mwanadamu hawezi kuionyesha bila kuisema. Anayesali anaonekana akirukuu, anayekwenda Makka anaagwa hadharani. Aliyefunga na asiyefunga wamekaa benchi moja na sura zao ni zilezile. Mungu ameiweka mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Sasa mtoto achukue kitu hicho kimoja kilichobaki baina yake na Mola wake, akibandike juu ya yadi 60 na paundi 185? Nikamwambia: urefu wako ni wa kocha, mbio zako ni za kocha, mkono wako ni wa kocha akiutaka. Saumu haimo katika bidhaa.

Alinijibu kwa Koufax. Watoto wa siku hizi wana majibu. Sandy Koufax, mrushaji Myahudi, aliyefika Chuo Kikuu cha Cincinnati kwa mpira wa kikapu na besiboli ikamkuta hukohuko, mwaka 1965 alikuwa mrushaji bora kuliko wote. Aliwatoa wapigaji 382 kwa straiki tatu msimu ule. Oktoba 6 ilikuwa mechi ya kwanza ya fainali na ilikuwa pia Yom Kippur, siku ya toba na mfungo kwa Wayahudi. Koufax hakurusha. Don Drysdale alirusha badala yake na timu yao, Dodgers, ikafungwa 8 kwa 2. Marekani nzima ilijua kwa nini Koufax hayupo. "Je," mwanangu akauliza, "naye alifanya riya?"

Swali hili lilinikalisha chini. Jibu langu ni kwamba Koufax alionekana kwa sababu ya kutokuwepo. Asingeweza kuificha ibada ile ila kwa kuiacha. Miaka ya nyuma pia hakuwa akirusha siku kuu za dini yake, na wakati huo haikuwa fainali wala kelele hazikuwa kubwa hivyo. Ibada ikimfikisha mtu hadharani, hana lawama. Barua yetu ingefanya kinyume chake: ingeichukua ibada iliyotulia ndani na kuitoa nje kwa ajili ya bei. Mwanangu alisema anaelewa. Sijui kama alikubali. Mstari haukuandikwa.

Lipo fundo moja ambalo hata Ghazali hakunifungulia lote. Makocha wenye akili hawatazami mirusho tu. Hufika mapema wakati vijana wananyoosha viungo. Hutazama kijana akitolewa anarudi vipi benchi, anamsemesha vipi mama yake, nani anabeba begi. Wanatafuta jambo ambalo mtu hulifanya akidhani haonwi. Na wazazi wanalijua hilo, wanawaambia watoto, na watoto wanalifanya wakijua wanaonwa. Msimu mmoja mzima mwanangu alinibebea kiti changu cha kukunja. Msimu wa kabla yake nilikuwa nikikibeba mwenyewe. Nikashukuru, na nikajua wanachotafuta makocha kimeshaharibika mikononi mwao, kwa kuwa kukitafuta kwao kumekigeuza maonyesho. Hata unyenyekevu una kipima mwendo sasa.

Ghazali hutoa faraja fulani katika mlango mwingine: anayetaka kuwa mkarimu na ajilazimishe kutoa, hata kama moyo haujataka, mpaka kutoa kuwe tabia. Basi huenda kiti changu kilianza kubebwa kwa ajili ya kocha na kikaishia kubebwa kwa ajili yangu. Huenda.

Ninachoshika mimi ni kitendo kimoja. Mpira wa chini ukipigwa na hakuna mkimbiaji aliye beisini, mdakaji anatakiwa ainuke, akimbie na mizigo yake yote sambamba na mpigaji, akasimame nyuma ya beisi ya kwanza endapo mrusho utapotea. Mara nyingi haupotei. Anakimbia bure, anarudi akitweta, anachuchumaa tena. Karatasi ya takwimu haina safu ya jambo hilo, na watazamaji wote macho yao yako kwenye mpira. Wadakaji wengi wa umri wake hupiga hatua mbili tatu kisha husimama. Mwanangu alikimbia mpaka mwisho katika mechi zenye makocha watano nyuma ya wavu, na nilimwona akikimbia vilevile katika mechi ya mvua dhidi ya timu dhaifu, tukiongoza kwa mikimbio tisa, nyuma ya wavu hakuna ila mzee mmoja na mbwa wake. Kwangu hiyo ni dalili nzuri. Ushahidi kamili siwezi kuupata, maana nia ya mtoto haisomwi kutoka kwenye kiti cha kukunja, na mimi mwenyewe nilikuwa pale nikimtazama.

Daraja la Kwanza hawakuja. Chuo kimoja cha Daraja la Tatu, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka nyumbani, kilimwita. Daraja hilo halitoi ufadhili wa michezo kabisa, ni kanuni yao. Anachopata ni msaada kwa sababu ya alama zake na kipato changu, na kilichobaki tunalipa kwa mkopo. Ni mdakaji wa tatu katika orodha ya wadakaji watatu. Kocha alimwambia kwamba kilichomvuta ni ile video ndefu isiyokatwa, na hakueleza zaidi.

Alipokwisha kupokelewa na jina lake kuingia katika orodha, alimwandikia kocha barua nyingine, fupi, ya mistari minne. Alieleza kwamba Ramadhani ya 2026 ingeanza katikati ya Februari, mazoezi ya ndani yalikuwa ya jioni, naye angeomba dakika kumi za kufuturu. Hii niliibariki, kwa sababu nafasi alikuwa nayo tayari na hakuna alichokuwa akiuza. Kocha alijibu siku hiyohiyo kwa swali moja: jua linatua saa ngapi? Huku kwetu, wakati huo wa mwaka, hutua dakika chache baada ya saa kumi na mbili jioni. Kocha aliyasogeza mazoezi ya wadakaji hadi saa kumi na mbili na nusu.